Jinsi ya kuandaa kampeni inayobadili matunzo ya watoto njiti

Mtoto aliyezaliwa kabla ya ujauzito kutimiza wiki 37 anahitaji mambo machache, lakini anayahitaji mchana na usiku bila kukatizwa: joto, maziwa ya mama kidogo kidogo mara nyingi, kinga dhidi ya maambukizi, na mtu wa kugundua mapema hali yake inapobadilika. Mwaka 2020 walizaliwa duniani watoto wapatao milioni 13.4 wa namna hii, na matatizo ya kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto wa chini ya miaka 5. Sehemu kubwa ya matunzo yao iko mikononi mwa mama, baba, bibi na nesi wa zamu, wala si kwenye mashine. Ndiyo maana mawasiliano mazuri yanaweza kuokoa maisha. Mabaya huishia kwenye mabango na fulana.

Maelezo haya ni kwa ajili ya yeyote anayepewa kazi ya kupanga kampeni ya aina hii, awe mganga, mwanachama wa kikundi cha wazazi, mtangazaji wa redio au ofisa wa idara ya afya.

Chagua tendo moja, siyo mada

"Tuwajali watoto njiti" ni kauli nzuri isiyomwambia mtu afanye nini saa 8 usiku mtoto anapolia. Kampeni ianze na tendo moja lenye mtendaji, mahali na muda. Tendo hilo utalipata kwenye madaftari ya wodi, si kwenye kikao. Chukua rekodi za mwezi mmoja uliopita, uangalie mambo matatu. La kwanza ni joto la mtoto alipopokelewa: la kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.5, na kama wengi walifika chini ya hapo, tatizo lako liko njiani na kwenye chumba cha kujifungulia. La pili ni saa ambazo mtoto anakaa kifuani ngozi kwa ngozi kila siku. La tatu ni wangapi walirudi kliniki kwa tarehe waliyopewa baada ya kuruhusiwa. Penye pengo kubwa ndipo pa kuanzia.

Mahali pengi pengo litakuwa kwenye la pili, yaani matunzo ya kangaruu. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey Sanabria alipokuwa na watoto wengi kuliko inkubeta, yaani masanduku ya kioo yanayotumia umeme kumpa mtoto joto. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kama msaada wa mahali pasipo na vifaa, na mtoto alisubiri kwanza atengemae ndipo awekwe kifuani. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021, ulipindua mpangilio huo: miongoni mwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8, walioanza kukaa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikuwa na vifo vichache kwa robo ndani ya siku 28 kuliko waliosubirishwa. Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku kwa watoto njiti na wenye uzito mdogo, kuanzia mapema iwezekanavyo, isipokuwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe hata baada ya kusaidiwa, aliye katika mshtuko (yaani damu haizunguki vya kutosha mwilini), au anayehitaji mashine ya kupumulia.

Hilo ni tendo linalohesabika kwa saa. Sehemu kubwa ya mifano inayofuata imelitumia, ila utaratibu ni uleule ukichagua kukamua maziwa mapema, kuwahi kituoni uchungu unapoanza kabla ya wakati, au kurudi kupimwa macho. Usiyaunganishe yote kwenye kampeni moja. Mtu aliyetajiwa mambo saba huondoka na moja, na huwezi kumchagulia lipi.

Wodi ikae tayari kabla tangazo halijatoka

Hapa ndipo kampeni nyingi huvunjika, na hakuna tangazo zuri linaloweza kuziba. Familia ikisikia redioni kwamba baba na bibi wanaruhusiwa kumbeba mtoto kifuani, kisha mlinzi akawazuia getini kwa kuwa si saa ya kuona wagonjwa, umeipoteza familia ile na majirani zake pia.

Kwa hiyo wiki mbili au tatu kabla, pita wodini pamoja na nesi mkuu mkiwa na karatasi. Je, mama ana kitanda chake karibu na mtoto, au analala jengo jingine na kuitwa kila baada ya saa 3 kunyonyesha? Akilala jengo jingine, saa 8 hazifikiki hata umshawishi namna gani, kwa hiyo kampeni yako ya kwanza ni kwa uongozi wa hospitali, upatikane mpangilio wa vitanda. Kuna viti vya kuegemea na mito ya kuinua mgongo? Kuna vitambaa vya kufungia, angalau viwili kwa kila mtoto, kimoja kikiwa kwenye kamba? Kofia? Mama anakula nini na nani anamletea? Kuna pazia la kumsitiri baba akivua shati? Utaratibu wa wageni uandikwe upya, usainiwe, ubandikwe getini, na mlinzi aelezwe ana kwa ana sababu yake. Mlinzi ni sehemu ya kampeni kuliko mtangazaji.

Manesi wapate ujumbe kabla ya umma kuupata. Nesi anayesikia redioni kwamba "sasa hospitali inafanya hivi" atahisi amevamiwa, naye ndiye atakayeulizwa maswali. Mpe muda wa kupinga. Hofu yake mara nyingi ina msingi: nani atahesabu pumzi za mtoto akiwa amefunikwa na kitambaa? Jibu liandaliwe naye: mtoto wa hewa ya oksijeni au wa mrija wa kulishia anaweza kukaa kifuani huku vifaa vimefungwa vizuri, na ratiba ya kumkagua inabaki palepale.

Sikiliza watu wanaoamua

Mama huambiwa, lakini mara nyingi haamui peke yake. Zungumza na kina mama 8 hadi 10 walioko wodini, wengine kadhaa walioruhusiwa mwezi uliopita, halafu kina baba, bibi za pande zote mbili, manesi wa zamu ya usiku na wakunga wa jadi kama wapo. Mmoja mmoja au vikundi vidogo. Bibi asiwekwe kikundi kimoja na mkwewe, maana mkwe hatasema kitu.

Usiulize "unaonaje kuhusu kangaruu?" Utajibiwa "ni nzuri". Uliza jana ilikuwaje. Mtoto alikuwa wapi saa 12 jioni? Ulipokwenda kuoga nani alimpokea? Mara ya mwisho kumtoa kifuani ilikuwa kwa sababu gani? Majibu ya maswali haya ndiyo kampeni yenyewe. Utakuta si ujinga unaomzuia mama, bali mgongo unaouma, mshono wa upasuaji, jasho, aibu ya kuacha kifua wazi mbele ya wapita njia, hofu ya kumwangusha akisinzia, au daktari aliyepita asubuhi akasema "mrudishe kitandani nimwone" na hakuna aliyesema tena amrudishe kifuani. Kila kizuizi kina dawa yake, na dawa nyingine si ujumbe kabisa: kwa jambo la daktari, inatosha kumpima mtoto akiwa palepale kifuani.

Kuandika ujumbe

Ujumbe mzuri wa tendo hili una nani, nini, mpaka lini, na afanye nini akishindwa. Hiyo sehemu ya mwisho husahaulika, nayo ndiyo humfanya mtu aendelee. Linganisha "Kangaruu huokoa maisha" na "Mtoto akae kifuani ngozi kwa ngozi mpaka aanze kujinyoosha na kukataa mwenyewe, ukichoka, baba au bibi ampokee." Ya kwanza ni ya bango la barabarani. Ya pili inatendeka.

Kuwa mwangalifu na neno "joto". Ukisema tu "mtoto njiti anahitaji joto", familia itamtafutia joto kwa njia inazozijua: blanketi juu ya blanketi, chupa ya maji ya moto ubavuni, jiko la mkaa chumbani. Matokeo ni mtoto aliyeungua, aliyevuta moshi, au aliyepashwa joto kupita kiasi. Kwa hiyo taja joto pamoja na chanzo chake kila mara: joto la kifua cha mtu. Vivyo hivyo, ukisema "asiogeshwe" bila muda, wengine wataacha wiki nzima na wengine hawatakuamini. Sema asubiri angalau saa 24 baada ya kuzaliwa, na kwa mtoto mdogo sana wauguzi ndio watakaosema ni lini.

Usimtishe mama wala usimlaumu. Wajawazito wengi hupata uchungu kabla ya wakati bila chanzo kujulikana, na mama wa mtoto njiti tayari anajihoji alikosea wapi. Tangazo linaloorodhesha "sababu za kuzaa njiti" likiwalenga wanaouguza linamwongezea mzigo na halimsaidii mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Simulizi za mtoto wa gramu chache kupita wote aliyepona nazo zina madhara yake. Kwenye wodi hiyohiyo yumo mama ambaye wake hakupona jana, naye alifanya yote aliyoambiwa. Tumia ushuhuda wa kawaida: mtoto wa wiki 32 aliyeongezeka uzito polepole, mama aliyechoka, baba aliyepokea zamu.

Kisha jaribu ujumbe kabla ya kuuchapa. Msomee au mwonyeshe mtu mmoja mmoja, kama 15 hivi kutoka kwenye kundi unalolilenga, na umwombe akueleze kwa maneno yake amesikia nini na angefanya nini leo. Usimuulize kama ameelewa. Wakikosea wanne kwa namna ileile, kosa ni la ujumbe. Andika upya, jaribu tena kwa watu wengine.

Picha inasema kwa sauti kuliko maandishi

Bango lenye mtoto ndani ya inkubeta, limezungukwa na mirija, linafundisha kwamba huduma ya kweli ni ile ya kioo na umeme, na kifua cha mama ni cha asiye na uwezo. Familia itadai inkubeta. Kama tendo lako ni kangaruu, picha iwe ya kangaruu, na katika watu wanaobeba wawemo wanaoheshimika: baba, nesi, bibi.

Mkao uchorwe sawasawa kwa sababu watu wataunakili kama ulivyo. Mtoto yuko wima katikati ya kifua, mwili mtupu isipokuwa nepi, kofia na soksi. Kichwa kimegeuzwa upande na kimeinuliwa kidogo, kidevu hakijagusa kifua chake mwenyewe, ili njia ya hewa ibaki wazi. Miguu imekunjwa kama ya chura. Ukingo wa juu wa kitambaa unafika chini ya sikio. Kitambaa kinakaza kifuani kwa mtoto na kulegea tumboni ili apumue. Mama ameegemea mito, hajalala chali. Makosa ya wachoraji yanajirudia: mtoto amevalishwa fulana, kitambaa kimefunika uso, au mchoro umekata kichwa cha mama ili kifua kionekane vizuri, na watazamaji wakashangaa huyu asiye na kichwa ni nani. Chora mtu mzima mzima.

Kwa picha za kamera, pata ridhaa ya maandishi baada ya kumweleza mama picha itaonekana wapi na kwa muda gani, na umpe siku nzima ya kufikiri. Asiombwe ridhaa na mtu anayemtibu mtoto wake, kwa kuwa hapo ni vigumu kukataa. Na fedha za kampeni zisitoke kwa watengenezaji wa maziwa ya kopo. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama iliwekwa kwa sababu nzito, na nembo moja kwenye kona ya bango inatosha kuvunja ujumbe wote wa kunyonyesha.

Redio, simu, na mtu wa kando ya kitanda

Njia yenye nguvu kuliko zote ni mama aliyepitia, ameketi kitandani kwa mwenzake. Mlipe nauli na chakula, mpe mafunzo ya siku moja au mbili, mpe siku mbili kwa wiki. Mfundishe mambo anayopaswa kumwachia nesi: dawa, oksijeni, kiasi cha maziwa.

Redio inawafikia baba na bibi. Tangazo la sekunde 30 hubeba takriban maneno 55 hadi 65 ya Kiswahili yakisomwa kwa utulivu. Maandishi yakizidi hapo msomaji atakimbia. Mfano:

BIBI: Mwanangu, hujalala tangu jana. Nipe mjukuu wangu nimpokee.
MAMA: Asante mama. Fungua vifungo kwanza, akae kifuani kwako, ngozi kwa ngozi.
BIBI: Haya. Kofia anayo. Kichwa kimegeukia upande.
MAMA: Ona, ametulia!
MSIMULIZI: Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hukaa kifuani mchana na usiku. Mama akichoka, mpokee.

Hakuna takwimu humo, hakuna jina la mradi, wala orodha ya wafadhili. Yote hayo hula sekunde. Bibi hafundishwi na kijana. Anajitolea mwenyewe, na anafanya kwa usahihi. Litoke jioni watu wakiwa nyumbani, mara 3 au 4 kwa siku kwa wiki kadhaa, na kila wiki kipindi kimoja cha moja kwa moja ambapo daktari wa watoto na mzazi wanajibu simu. Mtangazaji apewe ukurasa mmoja wa majibu ya maswali magumu, pamoja na ruhusa ya kusema "swali hilo mpigie nesi wa wodi", na namba iwepo kweli, ipokelewe kweli.

Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160. Mzuri kwa siku ya kwanza nyumbani: "Usiku mtoto abaki kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani. Ukichoka, baba au bibi ampokee. Usimlaze peke yake kitandani." Huo haufiki herufi 130. Dalili za hatari ziende kwenye ujumbe wake wa pekee: kukataa kunyonya, kupumua haraka au kifua kubonyea ndani, degedege, mwili kuwa wa moto au wa baridi, kulegea, viganja na nyayo kuwa vya njano, ukiona hata moja, kituoni sasa hivi. Sajili namba ya mama na ya mtu mmoja anayemchagua yeye. Muulize pia kama simu inashikwa na wengine. Na kabla ya kutuma ujumbe wa tarehe ya kliniki, hakikisha orodha imesafishwa: kumkumbusha mama aliyefiwa kuleta mtoto kupimwa ni ukatili, na unazuilika kwa mtu mmoja kupitia daftari la vifo kila asubuhi.

Kwenye vikundi vya WhatsApp, sauti isiyozidi dakika 1 husikilizwa kuliko bango lililojaa maandishi. Itaje tarehe, maana itazunguka miaka.

Familia zikikaribia kuruhusiwa kuna mambo mawili ambayo karibu kila kampeni huyaacha. Macho: mtoto aliyezaliwa mapema sana anaweza kuharibika retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kipimo cha kwanza kwa wengi huangukia karibu wiki ya 4 baada ya kuzaliwa. Dirisha la kutibu ni fupi, kwa hiyo tarehe iandikwe kwenye kadi, si kutajwa kwa mdomo. La pili ni umri: aliyezaliwa wiki ya 32 amewahi kwa wiki 8 ukihesabu kutoka wiki 40 za ujauzito kamili, hivyo akiwa na miezi 4 usitegemee afanye zaidi ya afanyayo mtoto wa miezi 2. Chanjo lakini kwa kawaida hufuata tarehe halisi ya kuzaliwa, isipokuwa daktari ameelekeza vingine.

Siku ya 17 Novemba

Siku ya Mtoto Njiti Duniani, yenye rangi ya zambarau, inafaa kwa jambo moja: kutangaza badiliko lililokwisha kufanyika. "Kuanzia leo wazazi hawahesabiwi kuwa wageni katika wodi hii" ni habari ambayo waandishi watakuja kuichukua. Maandamano peke yake yatasahaulika tarehe 18.

Uvumi

Imani kwamba mtoto wa miezi 7 hupona kuliko wa miezi 8 ilikuwepo tangu kwa Wagiriki wa kale na bado inasikika. Ina hatari: mama anayepata uchungu akiwa na miezi 8 huona hakuna la kufanya. Ukiijibu, anza na ukweli na uishie na ukweli: kila wiki ya ziada tumboni humwongezea mtoto nafasi ya kupona, kwa hiyo uchungu wa mapema ni wa kuwahi kituoni, iwe mwezi wa 7 au wa 8. Usiutengenezee uvumi bango lake; watu hukumbuka walichokiona kwa herufi kubwa.

Kupima

Idadi ya waliosikia tangazo haikuambii mtoto amekaa wapi. Weka fomu moja kwenye kila kitanda yenye miraba 24, mama au nesi atie alama kwa kila saa ambayo mtoto yuko kifuani, na aandike aliyembeba: mama, baba, bibi. Anza wiki 4 kabla ya tangazo la kwanza ili uwe na cha kulinganisha. Kila Jumatatu jumlisha, chora mstari kwenye karatasi kubwa, ubandike mahali manesi na wazazi wote wanapoiona. Ongeza joto la mtoto anapopokelewa na saa aliyopata maziwa ya kwanza ya mama. Wakati wa kuruhusiwa muulize mama nani alimshawishi aendelee. Majibu yatakuonyesha njia ipi iongezewe fedha na ipi ikatwe.

Saa zisipopanda baada ya wiki 6, usiongeze matangazo kwanza. Kaa na fomu zenyewe, utazame miraba iliyo wazi iko wapi. Ikiwa wazi kati ya saa 2 na saa 6 asubuhi, chunguza raundi ya madaktari na usafi wa wodi. Ikiwa usiku, chunguza viti, mito na hofu ya kusinzia. Ikiwa jina la baba halionekani popote, shuka getini ukazungumze na mlinzi.